Saratani ya Mapafu: Kufunguliwa Kifua au Roboti?



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo miaka ya nyuma tusingefikiri kuliandika katika ukurasa huu, yaani upasuaji wa saratani ya mapafu kwa kutumia roboti. Siku hizi habari za hospitali za India hufika Litembo na Lituhi kwa simu ya mkononi, na zipo familia ambazo mgonjwa wao akishatajiwa neno saratani huanza mara moja kuhesabu mibuni: tukiuza shamba la kahawa, je, nauli na gharama za roboti zitatosha? Swali hilo si la kuchekwa. Shamba la kahawa huku Umatengo ndilo ada za shule na ndilo bati la nyumba. Anayeliuza anapaswa kujua ananunua nini.

Kwanza tuelewane kuhusu operesheni yenyewe. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto lina sehemu mbili. Saratani ikiwa bado imekaa mahali pamoja, daktari huondoa sehemu ile yenye uvimbe, pamoja na tezi zilizo jirani ili zichunguzwe kama ugonjwa umekwisha kusambaa. Sehemu zinazobaki huendelea na kazi ya kupumua. Kazi hii ndiyo ile ile kwa njia zote. Kinachotofautiana ni mlango wa kuingilia.

Katika njia ya zamani, mgonjwa hulazwa kwa ubavu, kifua hukatwa kwa urefu wa sentimita 15 hadi 20 na mbavu hupanuliwa kwa chuma. Daktari huona kwa macho yake na kushika kwa mkono wake. Katika njia ya roboti, hutobolewa matundu madogo manne au matano, hupitishwa kamera na vyuma vyembamba, halafu tundu moja huongezwa ukubwa ili kutoa kipande kilichokatwa. Wengine hudhani roboti hufanya operesheni peke yake. La hasha. Daktari hukaa kwenye kiti hatua chache kutoka kwa mgonjwa, anatazama kiooni na kuongoza mikono ya mashine kwa vidole vyake. Mkono wake ukisimama, na roboti husimama. Tena, mshipa mkubwa ukivuja damu hulazimika kukifungua kifua kwa njia ya zamani, hivyo daktari wa roboti asiyejua kufungua kifua ni hatari. Kati ya njia hizi mbili ipo ya tatu, ya matundu na kamera bila roboti.

Je, matundu yana faida? Ndiyo, na tusiifiche. Huko Uingereza wagonjwa 503 waligawanywa kwa kura, wengine wakafunguliwa kifua na wengine wakafanyiwa kwa matundu na kamera. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: wale wa matundu walipata maumivu kidogo zaidi na matatizo machache zaidi, na kwa kawaida walikaa hospitali siku 4 badala ya 5. Lakini kwa upande wa kuing'oa saratani, njia hizo hazikupishana. Kuhusu roboti, taarifa nyingi zinaeleza hali kama hiyo: damu inayomwagika ni kidogo, siku za kulazwa hupungua, lakini uhai wa mgonjwa miaka iliyofuata hautofautiani sana na wa yule aliyefunguliwa kifua na daktari hodari. Kinachotofautiana mno ni bei. Mashine moja hugharimu zaidi ya dola milioni moja za Marekani, na vyuma vyake hutupwa baada ya kutumika mara chache. Gharama hiyo humrudia mgonjwa.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, shamba lisiuzwe kwa ajili ya roboti. Mgonjwa ambaye uvimbe wake unaweza kuondolewa anafaa kufunguliwa kifua hapa nchini mapema, kuliko kungoja miezi sita michango ya safari ya mbali huku ugonjwa ukitembea. Dar es Salaam, katika eneo la Muhimbili, ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambayo pamoja na moyo hushughulikia upasuaji wa kifua. Aidha Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa mionzi na dawa za saratani. Kutoka Mbinga ni safari ya karibu kilomita elfu moja, ni ndefu, lakini ni ya basi na lugha ni moja. Operesheni hii huhitaji mtaalamu wa usingizi anayeweza kulilaza pafu moja huku lingine likipumua, huhitaji damu, chumba cha wagonjwa mahututi na mtaalamu wa kusoma kinyama. Hayo yasipokuwepo, hata roboti kumi hazitasaidia.

Kikohozi kinachodharauliwa

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu, hata katika nchi tajiri, hugunduliwa wakati ugonjwa umekwisha kusambaa, na hapo hakuna kisu wala roboti. Kwetu kuna kikwazo cha nyongeza: saratani hii hufanana na kifua kikuu. Kukohoa, kutoa damu, kukonda, kutoka jasho, kuumwa kifua. Kifua kikuu ni kingi zaidi, na ni haki kukitafuta kwanza. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili aende zahanati akapimwe makohozi. Kikionekana, ameze dawa kwa miezi yote 6 bila kukatiza. Lakini kipimo kikisema hakuna kifua kikuu na kikohozi kinaendelea, au dozi imekwisha na hali haibadiliki, asikubali kupewa chupa nyingine ya dawa ya kikohozi. Aombe barua ya kwenda kupigwa picha ya eksirei, iwe Litembo, Peramiho, au kwa ndugu zetu Waanglikana wa Liuli kwa mtu wa pwani ya ziwa. Picha ikionyesha kivuli, hatua inayofuata ni mashine ya CT na kuchukuliwa kinyama. Bila kinyama hakuna anayeweza kuapa kuwa ni saratani.

Wazee waliovuta sigara au msokoto kwa miaka mingi wawe wa kwanza kutii. Operesheni ya kwanza ya kuondoa pafu zima lenye saratani iliyofaulu ilifanywa tarehe 5 Aprili 1933 huko St. Louis, Marekani, na daktari Evarts Graham. Mgonjwa wake, naye daktari, alipona akaishi miaka mingi. Mwaka 1950 Graham na mwenzake Ernst Wynder wakachapisha uchunguzi ulioonyesha uhusiano wa sigara na ugonjwa huu. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa. Aliacha akiwa amechelewa, na mwaka 1957 saratani ya mapafu ikamuua, mgonjwa wake wa mwaka 1933 akiwa bado hai.

Wasiovuta nao wasijione salama kabisa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa kuni ndani ya nyumba kati ya vitu vinavyoelekea kuleta saratani, na ule wa makaa ya mawe kati ya vile vilivyothibitika. Tunafikiria majiko yetu ya milimani yasiyo na dirisha kwa sababu ya baridi, na akina mama wa ziwani wanaobanika samaki juu ya moshi kutwa nzima.

Jambo moja kwa wakristo: Mpako wa Wagonjwa si wa kukata roho tu. Katekisimu, namba 1515, inasema inafaa kuupokea kabla ya operesheni kubwa. Aitwe padre kabla ya safari, wala majirani wasianze kulia wakimwona.

Baada ya kurudi

Aliyefunguliwa kifua hurudi na maumivu ya mbavu yanayoweza kudumu wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Akikohoa akumbatie mto kifuani, lakini akohoe, kwani makohozi yakituama huleta homa ya mapafu. Avute pumzi ndefu mara nyingi kwa siku na atembee kila siku, mwanzo uwanjani, baadaye njiani. Kwa wiki 6 hadi 8 asibebe debe la maji, kuni wala gunia la kahawa. Mama akirudi wakati wa kulima ngolo, jembe lishikwe na wengine. Jumuiya ndogo ndogo inaweza kugawana siku. Kliniki za ufuatiliaji zisikosekane, hasa miaka miwili ya kwanza. Picha zote za zamani zitunzwe mbali na panya na paa linalovuja, kwa sababu daktari huzilinganisha na mpya.