Jinsi mshono wa utumbo unavyokingwa usivuje

UTUMBO mpana unapojisokota, hali inayowapata zaidi wanaume katika eneo letu la Afrika Mashariki, au unapoota uvimbe wa saratani, aghalabu daktari hulazimika kukata sehemu iliyoharibika na kuziunga ncha mbili zilizosalia. Kukata si kazi ngumu. Kazi ni kuunga.

Mshono huo ukivuja, kinyesi na viini vyake humwagika tumboni. Mgonjwa aliyekuwa akijiandaa kurudi nyumbani hupandwa na homa, moyo ukaenda mbio na tumbo likawa gumu kwa maumivu. Asipohudumiwa upesi, anaweza kufariki.

Mnamo 1826, Mfaransa Antoine Lembert alieleza kwamba nyuso za nje za utumbo zikigusanishwa, hushikana vyema. Mwaka 1887, Mmarekani William Halsted alionyesha, kwa majaribio aliyowafanyia mbwa, kuwa nguvu ya mshono imo katika tabaka lililo chini tu ya utando wa ndani. Uzi usiopita hapo hauna unachoshika.

Tangu hapo wapasuaji wamejaribu safu ya pili ya nyuzi, gundi itokanayo na protini za damu, hata kuuviringishia mshono utando wa mafuta ulioning'inia tumboni. Utando huo madaktari huuita polisi wa tumbo, kwa jinsi unavyokimbilia palipo na maradhi. Hata hivyo, utafiti wa Ufaransa wa mwaka 1998 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 700 ulibaini kuwa polisi huyo hakupunguza uvujaji. Ulikuwa takriban asilimia tano, kwa waliofunikwa na wasiofunikwa.

Si ajabu. Kiraka hakihuishi nyama isiyofikiwa na damu. Ncha zikiwa na damu ya kutosha na zisivutane, nusu ya vita imeshashindwa. Ndiyo maana hospitali zenye uwezo hudunga mshipani rangi ya kijani inayong'aa chini ya kamera maalum, ili daktari aone damu inakofika. Ipo pia njia isiyo na gharama: maji humiminwa kwenye nyonga, hewa ikapulizwa kupitia njia ya haja kubwa. Mapovu yakitoka, mshono hurekebishwa. Fundi yeyote wa baiskeli anaijua mbinu hiyo.

Mishono iliyo karibu na njia ya haja ndiyo hatari zaidi. Huko Sweden, utafiti wa wagonjwa 234 uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa mshono ulivuja kwa asilimia 28 ya waliorudishiwa njia ya kawaida moja kwa moja, lakini kwa asilimia 10 tu ya waliotobolewa tumbo ili kinyesi kitokee kwenye mfuko kwa muda.

Wengi huuchukia mfuko huo, kwa aibu na kwa gharama yake. Lakini daktari anayeupendekeza hamwadhibu mgonjwa; anaupa mshono nafasi ya kupona. Baada ya wiki au miezi kadhaa, tundu hilo huzibwa kwa upasuaji mwingine mdogo.