Duane ikikukamata: saa 48, hapana zaidi

Kamyo ya madini ikizuiliwa ku Kasumbalesa, kila mutu anawaza franka za amande. Lakini shofere akiingizwa mu buloko, jamaa ihesabie kwanza masaa.

Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema: mutu aelezwe pale pale sababu ya kukamatwa, mu luga anayosikia, aite jamaa ao avoka wake pasipo kungoja, saa 48 zikiisha, aachiliwe ao apelekwe ku parke. Sheria ya duane ya tarehe 20 Agosti 2010 haiwezi kupita Katiba.

Basi ndugu, muandike siku na saa alipokamatwa. PV ikiandikwa kwa Kifaransa na hausikie, omba bakutafsirie mbele ya kusaini. Amande inaweza kuzungumuziwa. Haki hii, hapana.