Mzigo wa Jua

Yeyote aijuaye Tabora amepata kusikia habari za misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaendelea hata Ujiji. Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857, njia hiyo ilikuwa imekwisha zoewa na wafanya biashara na wapagazi wa Kinyamwezi. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, siku baada ya siku. Je, msomaji mpenzi, nguvu ile aliipata wapi?

Utasema: katika ugali. Umesema kweli; lakini ugali nao uliipata wapi?

Na tulitazame jani la mtama. Jani ni mfano wa ua ambamo mizigo hufungwa kabla ya safari. Maji huletwa na mizizi. Hewa ukaa huingia kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Kazi ya kufunga hutendwa na nuru ya jua, inayonaswa na umbijani, yaani ile rangi ya kijani. Chembe sita za hewa ukaa na sita za maji hufungwa zikawa chembe moja ya sukari, na oksijeni inayobaki hutolewa nje. Wataalamu huiita kazi hii usanisinuru. Sukari ikiungana huwa wanga, nao ndio ujazao punje.

Mpagazi alipokula, mzigo ulifunguliwa. Oksijeni aliyoivuta ilikutana na sukari ndani ya seli zake, hewa ukaa na maji vikatoka tena, sita kwa sita, na nguvu ya jua ikaachiliwa. (Hapa mfano wetu unachechemea: afunguaye mtumba hupata nguo, bali hapa kipatikanacho ni ile nguvu iliyoufunga.) Wala mwili hauufungui kwa pigo moja. Kama vile msafara usivyonunua kuku mmoja kwa jora zima la nguo, bali kwa shanga chache, ndivyo seli zinavyoivunja nguvu hiyo iwe vipande vidogo viitwavyo ATP. Naye aliyekula daku hufika magharibi kwa kuwa ini huweka akiba ya sukari na kuitoa kidogo kidogo, na mafuta ya mwili yakasaidia.

Wengi hudhani kwamba sisi hupumua na mti hututengenezea hewa tu. Sivyo. Mwembe nao hupumua, mchana na usiku, kwani una mizizi ya kukuza na maua ya kuchanua. Mchana hufunga mizigo mingi kuliko ile unayoifungua. Usiku hufungua tu. Alalaye chini yake asiogope, hewa ukaa hiyo hutawanyika.

Akiba inayobaki ndiyo inayokuwa shina, na hapo ndipo penye khofu. Huko Urambo na pande nyingine za Tabora, miti ya miombo hukatwa ili kuni zake zikaushe tumbaku mabanini. Moto wa bani hufanya kazi ile ile ya pumzi ya mpagazi, ila moto haujui shanga. Hufungua mitumba yote pamoja. Mti uliofunga jua kwa miaka mingi huteketea kwa siku chache, na hewa ukaa yake hurudi angani.