TUNDU LA HEWA LA PAANI: LITENGENEZWE, LISIZIBWE



Tangu Mkataba wa Amani wa Januari 2005, wenzetu wengi kutoka Kenya na Uganda, vibarua, mafundi na madereva, wamekwenda Juba kutafuta kazi. Nyumba zilikuwa chache, na wengi wakalazwa katika makontena ya chuma. Kontena liliundwa kubeba mizigo, si kulaza binadamu. Anayelala humo hutegemea tundu la hewa lililokatwa paani.

Tundu hilo lina maadui wawili: jua na mvua. Mchana chuma hupata moto na kutanuka, usiku husinyaa, na gundi iliyozunguka fremu hupasuka. Mvua za Juba zikianza Aprili, maji hupenya hapo hapo. Ndipo watu huchukua njia ya mkato: hulifunika tundu kwa bati na lami. Tunasema hiyo ni hatari. Hewa ya moto hupanda juu, na tundu likizibwa haina pa kutokea. Moshi wa jenereta ukiingia, gesi yake isiyo na rangi wala harufu humwua mtu usingizini. Jiko la mkaa nalo lisiingizwe ndani kamwe, hata tundu likiwa wazi.

Kazi yenyewe ifanywe hivi, kabla ya mvua:

1. Kwangua gundi kuukuu yote. Usipake mpya juu ya mbovu.
2. Ondoa kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke.
3. Tandika utepe wa mpira chini ya fremu, kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, kisha funika vichwa vyake kwa gundi. Silikoni yenye harufu ya siki hula chuma, iepuke.
4. Mwaga maji juu, mwenzako akiangalia ndani.
5. Kila mwezi safisha wavu wa mbu na utie bawaba mafuta.

Asipande mtu peke yake, wala paa likiwa limelowa.

Je, nani agharimie? Aliyekulaza humo. Pendekezo Na. 115 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1961, lataka makazi ya wafanyakazi yawe na hewa ya kutosha na kinga dhidi ya joto na unyevu. Basi wajumbe wa matawi, kagueni mapaa sasa, andikeni kasoro, mzipeleke kwa mwajiri kwa pamoja. Mmoja akidai huitwa mkorofi. Wote wakidai husikilizwa.