Wai-Fai Hospitalini: Mgonjwa Asiwe Peke Yake



Kuuguza ni kazi nzito. Mtu mmoja akilazwa, nyumba nzima huwa imelazwa. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kinachoweza kupunguza uzito huo. Kitu hicho ni intaneti isiyotumia waya, yaani Wai-Fai, katika hospitali.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mwanakwerekwe anauza ndizi sokoni. Mama yake mzazi amelazwa mjini. Kila asubuhi humpelekea uji, kisha hupanda gari kurudi kwenye biashara yake. Kaka yake yuko Maskati, Omani, kikazi. Huyo ndiye anayetoa fedha nyingi za matibabu.

Siku moja jioni daktari anamwambia, "Mama yenu anahitaji kupasuliwa. Kaeni mshauriane, asubuhi mnipe jibu." Anatoa simu ili azungumze na kaka yake. Bando limekwisha. Mkobani zimebaki fedha za nauli tu. Usiku kucha halali.

Jamaa hawa wanapendana, na kila mmoja yuko tayari kusaidia. Walichokosa ni njia ya kusemezana.

WAI-FAI NI NINI?

Sote tunajua redio. ZBC inasema, nasi tunaisikia nyumbani bila waya kutoka kituoni hadi kwetu. Sauti inakuja kwa mawimbi yanayopita hewani. Wai-Fai nayo hutumia mawimbi ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba redio yetu inapokea tu, lakini simu inapokea na kupeleka pia.

Intaneti huweza kufika hospitalini kwa waya. Ndani huwekwa kisanduku kidogo chenye taa. Kisanduku hicho ndicho kinachotoa mawimbi, na simu zilizo karibu huyashika. Jina hili la Wai-Fai lilianza kutumika mwaka 1999.

Mawimbi haya hayaendi mbali, ni makumi ya mita tu. Ukuta mnene huyapunguza nguvu. Majengo ya zamani ya mjini kwetu yana kuta nene za mawe, kwa hiyo kisanduku kimoja hakitoshi. Inafaa kila wodi iwe na chake.

Tufananishe na mfereji wa mtaa. Mfereji mmoja huwafaa watu wengi, wala kila nyumba hailazimiki kuchimba kisima. Lakini wakijaa watu wengi kwa pamoja, maji hutoka kidogo kidogo. Wai-Fai ni hivyo hivyo.

FAIDA ZAKE

Kwanza, mgonjwa huwaona watu wake. Yule bibi angemwona mwanawe wa Maskati usoni. "Mama, unanisikia?" "Nakusikia mwanangu, na nakuona!" Maneno hayo si dawa, lakini humpa mgonjwa moyo wa kunywa dawa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani, hospitali nyingi za nchi za nje zilizuia watu kwenda kutazama wagonjwa. Hapo wengi waliagana na wazazi wao kwa simu tu.

Pili, jamaa hushauriana mapema. Wote husikia maneno ya daktari kwa pamoja, na hakuna wa kusema baadaye, "Mimi sikuambiwa."

Tatu, fedha ya bando hubaki kwa matumizi mengine. Simu ya kuonana hula bando upesi kuliko ujumbe wa maandishi. Kwa mtu anayeuguza wiki mbili, fedha hiyo ni maziwa ya mgonjwa.

MFANO WA HAPA UNGUJA

Je, kuwasaidia watu gharama za mawasiliano kuna faida kweli? Mwaka 2009 na 2010 ulifanyika utafiti hapa Unguja, ulioitwa Wired Mothers. Ulihusu vituo vya afya 24 na wajawazito 2,550. Wajawazito wa baadhi ya vituo walipelekewa ujumbe kwa simu, na walipewa vocha ili waweze kumpigia mkunga. Wa vituo vingine walihudumiwa kama kawaida.

Matokeo yake ni haya. Katika kila wanawake 100 waliopata mpango huo, 60 walizalishwa na mtaalamu. Kwa wasioupata, walikuwa 47. Faida hiyo ilionekana kwa akina mama wa mjini. Huko shamba tofauti haikuwa hivyo.

Hiyo ilikuwa vocha ya simu, si Wai-Fai. Lakini funzo ni moja. Mtu akiondolewa gharama ya kusema, huwahi kuuliza. Na anayewahi kuuliza huwahi kutibiwa.

TAHADHARI

Kila chenye faida kina madhara yake. Tukumbuke haya:

1. Tusipige picha ya mgonjwa bila ridhaa yake, wala ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Maradhi ni siri ya mtu.

2. Namba ya siri ya fedha za simu asipewe mtu yeyote, hata akijiita daktari.

3. Si kila dawa inayotangazwa kwenye intaneti ni ya kweli. Tusome, kisha tumuulize daktari.

4. Tuzungumze kwa sauti ndogo. Wenzetu wamelala.

TUFANYE NINI?

Huko Uingereza, hospitali za umma ziliwekewa Wai-Fai ya bure, na kazi kubwa ilifanyika mwaka 2017 na 2018.  Na sisi tunaweza kulizungumza jambo hili katika mikutano ya shehia, tumwombe sheha alifikishe panapohusika. Asiyekuwa na simu ya intaneti asisahauliwe. Wodi ikiwa na simu moja ya kuazimana, itawafaa wengi.

Kisomo kimetufungua macho. Tusikitumie kusoma majina ya barabara tu. Tukitumie pia kuwa karibu na wagonjwa wetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, umewahi kuuguza mtu ukakosa njia ya kuwapasha habari jamaa zako? Ulifanya nini?

2. Kwa nini kisanduku kimoja cha Wai-Fai hakitoshi hospitali nzima?

3. Andika ujumbe mfupi wa kumjulisha ndugu aliye mbali hali ya mgonjwa.