Kuisema Makala Mbele ya Wataalamu

Makala yaliyoandikwa ili yasomwe hayafai kusomwa neno kwa neno kongamanoni. Msomaji akipotewa hurejea ukurasa. Msikilizaji hana pa kurejea. Hivyo msemaji aliyepewa dakika 20 na ateue hoja moja, aitaje mwanzoni, kisha aithibitishe kwa mifano. Tuchukue mkazo wa Kiswahili, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Akitamka «barabára», yaani njia, kisha «barábara», yaani sawasawa, ambapo mkazo umerudi nyuma silabi moja, ukumbi mzima huisikia tofauti papo hapo. Jedwali halina sauti. Mapitio ya kazi za watangulizi, ambayo aghalabu hula nusu ya muda, yabaki katika nakala zinazogawiwa. Wajuzi waliohudhuria wanazijua kazi hizo. Wanachongoja ni dakika za maswali, ndimo hoja inamopimwa.