SHOKA LA KALE HALIJAFA

Ninyi wote mulio katika miji ya kando ya migodi, ninyi munaokata mashamba, munaopasua kuni na kuchoma makala, musikilize maneno haya.

Karibu kila nyumba ina shoka moja la kale. Linalala nyuma ya jiko au chini ya ghala. Limeshikwa na kutu, mupini umevunjika, watoto wanapondea ngazi. Kisha mununuzi wa vyuma anapita na mizani yake. Analipima pamoja na mabati mabovu. Mwenye nyumba anapokea feza kidogo. Wakati wa kukata shamba ukifika, mutu yule yule anatafuta feza nyingi kwa kununua shoka jipya. Pengine lile jipya ni chuma laini tu, kilichopakwa rangi nzuri.

Shoka la kale ni mali. Kutu haiui shoka upesi. Vitu viwili vinaliua mara moja: moto na haraka. Najua hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliua moja.

SHOKA LA MUJOMBA WANGU

Nilipokuwa kijana, mujomba wangu alinipa shoka lake nilitunze. Siku moja kichwa kilianza kucheza juu ya mupini. Nikafanya kama watu wengi wanavyofanya: nikalilaza mutoni usiku, ili muti uvimbe. Asubuhi lilikaza vizuri. Siku ya tatu jua lilikausha mupini, na nilipokuwa nikipasua kuni kichwa kikaruka. Kikapita karibu na sikio la ndugu yangu mudogo, kikaanguka katika majivu. Hakuumia. Lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni.

Kwa hofu nikataka kutia mupini mupya siku ile ile. Kipande cha muti kilibaki ndani ya tundu, kikakataa kutoka. Basi nikatupa kichwa chote katika moto wa jiko, muti uungue. Uliungua kweli. Nilipotoa chuma, kilikuwa cheusi chenye rangi ya buluu. Kesho yake, kwa pigo la kwanza, makali yakajikunja kama ukingo wa sahani ya bati. Mujomba alitazama, hakunitukana. Alisema tu: “Mwana wa dada, umepika shoka.”

KWA NINI MOTO UNALIHARIBU

Fundi anayetengeneza shoka la chuma kigumu anatia makali motoni mpaka yanakuwa mekundu, kisha anayazamisha katika maji au mafuta. Hapo yanakuwa magumu sana, hata yanaweza kuvunjika kama kioo. Basi anayapasha tena kidogo, ili yapunguze ugumu na kupata nguvu. Ugumu ule unakaa miaka mingi. Lakini chuma kikipita digri 300 hivi, ugumu unaanza kutoka. Moto wa kuni unapita digri 600. Hesabu ni rahisi.

Mashine ya kunolea inayozunguka upesi inafanya ubaya ule ule, kama makali ni makavu. Mukiona rangi ya buluu inatokea kwenye makali, mujue kwamba mahali pale pamekwisha kulainika.

MASHOKA NI AINA MBILI

Kwanza kuna shoka la mukia. Hili ni la wahunzi wetu. Nyuma ya chuma kuna mukia muembamba unaoingia ndani ya kichwa kinene cha mupini. Kila pigo linasukuma mukia ndani zaidi, kwa hiyo shoka linajikaza lenyewe.

Pili kuna shoka la tundu. Hili lilitoka viwandani. Mupini unaingia ndani ya chuma, na kabari inaukaza. Kila pigo linataka kulegeza kichwa. Kwa hiyo kabari mbaya ni hatari kwa watu wote wanaosimama karibu.

KULICHUNGUZA

Mukiokota shoka la kale, mulitazame kwanza. Mufunge kichwa kwa kamba, mukitundike, mukipige kwa chuma kidogo. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, mutafute ufa karibu na tundu. Chenye ufa hapana kukitia mupini tena. Mumpelekee muhunzi, akifanye jembe au kisu.

Kisha mupitishe tupa juu ya makali. Ikiuma kwa shida, chuma ni kizuri. Ikila upesi sana, chuma ni laini.

KUTOA KUTU NA MUPINI WA ZAMANI

Musugue chuma kwa muchanga muembamba na maji, au kwa kipande cha tofali. Mahali kutu imeingia sana mupake maji ya ndimu, mungoje saa chache, musugue tena. Kisha muoshe, mukaushe, mupake mafuta siku ile ile. Alama nyeusi zikibaki, muziache. Si lazima shoka ling’ae kama kioo. Afazali chuma kibaki kinene.

Kipande cha muti kilicho ndani ya tundu mukitoboe kwa kekee au kwa musumari munene, mara nyingi, mpaka kimekuwa laini. Kisha mukisukume nje kwa fimbo ngumu na nyundo. Kazi hii inaweza kula asubuhi nzima. Asubuhi moja ni kitu kidogo kuliko shoka.

KUTENGENEZA MAKALI

Mutumie tupa, halafu jiwe lenye maji. Mugeuze chuma mara kwa mara, upande huu na upande huu, makali yabaki katikati. Mukigusa chuma na kuona joto, mungoje kipoe.

Shoka la kuangusha miti linataka makali membamba. Shoka la kupasua kuni linataka mashavu manene, ili lipanue muti wala lisinase. Kama nyumba ina mashoka mawili ya kale, mufanye moja kwa kazi hii na moja kwa ile. Na lile dogo mulitie mupini mufupi wa sentimetri 40 hivi, kwa kukata matawi na kuni nyembamba.

KUTIA MUPINI

Muchague muti mugumu ulionyooka. Katika inchi yetu ya Katanga mubanga ni muzuri. Muupasue kwa kabari, musiukate kwa musumeno, sababu muti uliopasuliwa unafuata nyuzi zake mwenyewe. Mutazame mwisho wa muti: nyuzi zielekee upande wa makali. Zikikata mupini kwa mushazari, utavunjika. Muuweke kivulini miezi mingi, hata mwaka, mpaka umekauka kabisa. Kwa hiyo mutu wa akili anakata mipini mitatu kabla hajahitaji mumoja.

Kwa shoka kubwa la tundu, mupini wa sentimetri 70 mpaka 80 unatosha watu wengi. Mwisho wake ubaki munene kidogo, usiteleze mukononi. Mupasue kichwa cha mupini kwa musumeno muembamba, mutie chuma, kisha mupige kabari ya muti mukavu mpaka inakataa kuingia. Hapana kulilaza shoka mutoni. Muti ukivimba ndani ya tundu, nyuzi zake zinapondeka. Ukikauka, unakuwa mudogo kuliko mwanzo. Ndivyo kichwa kilivyoruka siku ile.

Kwa shoka la mukia, mutoboe kichwa cha mupini kwa chuma cha moto, si kwa shoka lenyewe. Tundu liwe dogo kuliko mukia. Muti ukitaka kupasuka, muufunge kwa ngozi mbichi. Ngozi ikikauka inabana sana. Wazee wengine waliufunga kwa waya wa shaba, na ule ulikuwa uzuri na nguvu pamoja.

KAMA SHOKA LIMEKWISHA KUPIKWA

Musilitupe. Shoka la mujomba nililipeleka kwa muhunzi. Alipasha makali tu katika makala mpaka yakawa mekundu, hata sumaku haikuyashika tena. Akazamisha makali ndani ya maji, vidole viwili tu. Akayasugua upesi kwa jiwe mpaka yakang’aa. Joto la nyuma likaanza kurudi mbele, na rangi zikafuatana: manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau. Rangi ya zambarau ilipoanza, akazamisha chuma chote. Aliye mugeni wa kazi hii asijaribu, amupelekee muhunzi.

Lakini mujue hivi: chuma kingine cha kale kilichoyeyushwa na wazee katika tanuru za udongo ni laini kwa asili, na maji hayakipi ugumu. Muhunzi anakipiga makali kikiwa baridi, polepole, kwa nyundo ndogo. Kwa hiyo mumuulize muhunzi kabla hamjasema chuma kimekufa.

MASHOKA YASIYO YA KUKATIA

Kuna mashoka mengine, yenye mupini uliofunikwa kwa shaba, au uliopigwa misumari midogo, au yenye sura za watu juu ya chuma. Hayo yalikuwa ya wakubwa. Waluba walibeba mashoka ya namna hii begani, kuwa alama ya cheo. Mashoka ya Wasonge yalipelekwa mpaka Ulaya. Mengine yako Tervuren, kule Ubeljiji, katika nyumba ya kuhifazia vitu vya kale. Na katika bonde la Upemba, huko Sanga na Katoto, wataalamu walichimba makaburi ya kale kuanzia mwaka 1957. Waliona kwamba wazee wa inchi hii walijua kufua chuma na shaba zaidi ya miaka 1000 iliyopita.

Mukiona shoka la namna hii katika nyumba ya babu, musilisugue kwa muchanga, musilipige tupa, musibadili mupini. Mulifute kwa kitambaa kikavu, muliweke mahali pakavu. Na muandike jina la mwenye nalo na maneno ambayo wazee wanayajua juu yake. Mizani ya mununuzi wa vyuma haiwezi kupima kitu hiki.

MANENO YA MWISHO

Shoka la mujomba linakata mpaka leo. Limepungua kidole kimoja kwa sababu ya kosa langu, na kila nikilinoa naona alama ile. Kila asubuhi, kabla ya kazi, ninashika mupini na kutikisa kichwa mara mbili. Kikicheza, kazi inasimama, na watoto wanakwenda mbali.

Basi mutazame leo nyuma ya jiko. Mukiliona shoka, muliokote, mulifute, mulitundike mahali pakavu. Kisha mukate muti wa mupini na kuuweka kivulini. Musifanye haraka. Shoka limekwisha kungoja miaka mingi. Linaweza kungoja mupini ukauke.